Diski Iliyotoka Kwenye Minji

Hiki nitakachokueleza kilinipata mimi mwenyewe, si binamu yangu wala rafiki ya rafiki yangu. Sikuwa nimelewa, maana pombe situmii, wala sikuwa nimesinzia. Najua mkisikia visa vya namna hii mnangojea usiku wa manane na mbwa wanaobweka ovyo. Poleni. Ilikuwa Jumapili, saa tisa mchana, katikati ya mji wa Nakuru, na taa ya ofisi yangu ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, nisikilize hadi mwisho kisha uende zako.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina kichumba kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja la zamani, juu ya maduka ya nguo na ya mbegu. Mlangoni nimebandika karatasi inayosema tunahamisha kaseti, CD na DVD kwenda kwa flashi. Kazi hiyo ni haba siku hizi. Kompyuta mpya hazina hata mahali pa kuingiza diski. Lakini bado kuna watu ambao harusi yao iko kwenye diski, au ubatizo wa mtoto, au baba yao akicheka, na siku moja wanaamka wanakuta diski haisomi. Wanapanda ngazi yangu wameishika diski kwa vidole viwili, na sura zao utadhani wameleta mgonjwa.

Kabla ya ufundi nilikuwa mtu wa video. Nilizunguka na kamera yangu huko Bahati, Molo, Kuresoi, Njoro, popote palipokuwa na harusi au mazishi. Mazishi ndiyo yaliyonilisha hasa. Kipindi kile hakuna familia iliyomzika mzee wake bila video, na baada ya wiki mbili tatu walikuja kuchukua diski zao kumi, kumi na mbili, kila mtoto wa marehemu na yake. Mwenye kazi alikuwa yule aliyeniita. Alichosema kiingie kiliingia, na alichosema kitoke kilitoka. Sikuwahi kuliona hilo kama kosa, na wewe pia usingeliona.

Sasa utaniuliza, Jumapili nafanya nini ofisini na jengo zima limefungwa? Nitakuambia ukweli. Mke wangu alirudi kwao Bungoma na watoto, mwaka wa nne sasa unakatika, na nyumba yangu ni chumba kimoja ambacho Jumapili kinakuwa kirefu mno. Majirani wanatoka kanisani, wanapika, watoto wao wanapiga kelele kwenye korido, nami nasikia kila sufuria inayofunikwa. Kwa hiyo nakuja ofisini. Naambia watu nina kazi nyingi. Nilikuwa mpweke, na hadi leo sijui namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Siku hiyo mvua ilikuwa imeanza saa saba na haikuonyesha dalili ya kuisha. Chini mlangoni alikuwapo Mzee Wafula peke yake, mlinzi wetu, ambaye siku za Jumapili anaacha geti wazi nusu na kumwandika kila anayeingia kwenye daftari. Ana bidii sana na daftari lile. Hata mimi ananiandika, ijapokuwa ananijua tangu jengo lilipokuwa na rangi.

Nilisikia mlango unabishwa. Alikuwa mama wa miaka themanini hivi, mnene kidogo, amejifunga kitambaa cha bluu kichwani, kile cha akina mama wa kanisa. Niligundua jambo moja hapo hapo, ila sikulitilia maanani. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jirani hadi tulilazimika kupaza sauti, lakini mabega yake yalikuwa makavu.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, mama. Karibu, keti."

Akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akafungua mkono wake na kunipa diski moja. Jamani, nimeona diski nyingi mbovu, lakini ile ilikuwa balaa. Katikati yake, kwenye lile tundu, ilikuwa imefungwa uzi wa katani, na ilikuwa imegandiwa na udongo mwekundu na kinyesi cha ndege.

"Hii mmeitoa wapi, mathe?"

"Ilikuwa kwa minji," akasema. "Wanazifunga kwa kamba zicheze na upepo, ndege wasile. Nimeitoa. Nataka uniangalilie yenye iko ndani."

Hilo halikunishangaza. Kule Kuresoi ukipita msimu wa minji, yaani njegere, utaona diski zinameremeta shamba zima. Nikamwambia kwa heshima kwamba diski iliyopigwa jua namna hiyo imekufa, ile rangi ya chini ndiyo inayobeba picha na jua huila.

"Jaribu. Si wewe ndio uliichoma?"

Kuchoma ni kuirekodi diski, kwa hiyo nikadhani ni mteja wa zamani, mmoja kati ya wale mia na zaidi ambao nimewasahau. Nikamuuliza jina. Akasema yeye ni Mama Hosea. Halikuniambia kitu.

Basi nikaanza kazi, maana hiyo ni kazi yangu na sikuwa na nyingine. Nilikata uzi, nikaiosha diski kwa maji na sabuni kidogo ya vyombo, nikaipangusa kwa kitambaa laini. Hupangusi kwa kuzungusha, kumbuka hilo, unapangusa kutoka katikati kwenda nje. Nikaigeuza kwenye mwanga. Kwa kweli nilishtuka kidogo, kwa sababu ile rangi ya zambarau ilikuwa bado ipo, na ukiinamisha ungeona mpaka pale sehemu iliyoandikwa ilipoishia.

Nikaiingiza kwenye kompyuta kubwa. Ikazunguka, ikanguruma, ikatulia, kisha ikaniandikia kwamba niingize diski. Na diski imo ndani! Nikajaribu laptopu. Hiyo ikaniambia diski ni tupu, je, ningependa kuiandika? Nikatoa kisomeo cha nje, kile cha zamani ambacho huwa kinasoma hata diski zilizoshindikana kote. Nacho kikakataa.

Mama yule alikuwa anafuata kila ninalofanya. "Haisomi?"

"Haisomi, mama. Lakini si tupu. Ona hapa, imeandikwa. Mwenye kuichoma hakuifunga."

Nikamweleza. Diski ukimaliza kuichoma lazima uifunge, yaani unaiambia mashine kwamba mambo yameisha, hakuna kingine kitakachoongezwa. Usipoifunga, kompyuta nyingine haziwezi kuisoma. Inabaki inasomwa na mashine ile ile iliyoichoma, basi. Nilipokuwa nasema hayo niliigeuza diski, na pale juu, chini ya madoa, nikaona nyota ndogo ya kalamu. Nyota ile ilikuwa alama yangu. Nilikuwa naiweka kwenye diski ambayo kazi yake haijaisha.

Mashine yangu ya kuchomea ilikuwa chini ya meza, imefunikwa kwa gunia, miaka haijawashwa. Nikaitoa, nikaiunganisha na televisheni kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano. Haikuwa na maikrofoni. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu nitalihitaji mbele. Nikaingiza diski. Kioo chake kidogo kikaonyesha kwamba diski haijafungwa, na picha ikatokea.

Ilikuwa mazishi. Boma la Kuresoi, mlima nyuma, mahema mawili, watu wengi. Nililitambua boma lile mara moja, ingawa ilikuwa imepita miaka kumi na mbili. Mwenye kazi alikuwa Wesley, kifungua mimba, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa sauti nzito. Aliyezikwa alikuwa mama yake, na siku ile nzima watu walimwita marehemu Mama Wesley.

"Mama, wewe ni wa familia hii?" nikauliza.

"Ni kwangu," akasema, macho yake kwa televisheni.

Picha ikafika mahali watu wanapita kumwona marehemu. Kamera yangu ikapita pole pole juu ya jeneza. Nikaona kitambaa cha bluu. Nikaona uso.

"Hapo pitisha, mwanangu," akasema. "Hapo najijua."

Niamini, mkono wangu ulipitisha wenyewe. Sikugeuka kumwangalia. Ningegeuka namna gani? Mtaniuliza kwa nini sikukimbia, na mimi nawauliza, ningekimbilia wapi? Chumba kina hatua nne, na yeye ndiye aliyekuwa upande wa mlango. Nikabaki nimeishika ile rimoti kwa mikono miwili.

Cha ajabu ni kwamba yeye hakuwa na ubaya wowote. Alitazama mazishi yake kama mtu anayetazama harusi ya jirani. Chifu alipoanza hotuba alisema, "Huyu hajui kumaliza, ruka." Mwanamke fulani alipoangua kilio kikubwa mbele ya kamera alicheka kwa pua. "Huyo hatujasalimiana miaka sita." Wajukuu walipoitwa kuimba aliinama mbele, akawataja mmoja mmoja kwa majina. Na kuna mahali nilicheka naye. Usinishangae. Ilikuwa muda mrefu tangu nikae na mtu Jumapili tukitazama kitu pamoja.

Kisha mshereheshaji akaita watoto wa marehemu waje watupe udongo. Wesley alitangulia. Wakafuata dada watatu. Akafuata kijana mwingine wa kiume. Mama aliinua mkono. "Ngoja. Hosea yuko wapi?"

Hapo ndipo jina liliponiangukia. Hosea, kitinda mimba.

"Endelea," akasema. "Labda amesimama nyuma."

Nikaendelea. Kaburi likajazwa, maua yakawekwa, Wesley akashukuru wageni, mchungaji akafunga kwa maombi. Mwisho.

"Rudisha."

Nikarudisha. Alitazama nyuso zote za nyuma, za waliosimama kando ya ua, za waliokaa kwenye nyasi. Hayupo.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu alinisimamisha baada ya maua. Akanyoosha kidole. "Hapa umeruka kitu. Hawa wamama walikuwa wamesimama na miavuli imefungwa. Sasa wamekaa na miavuli imefunguliwa. Walikaa saa ngapi?"

Miaka yote ile ya kukata na kuunganisha video, hakuna mteja aliyewahi kuona kiungo changu. Yeye aliona. Alinigeukia, na mara hii nilimtazama. Uso wake ulikuwa wa mama yeyote unayekutana naye sokoni, umechoka, na ulikuwa na hofu. Sikuwahi kufikiri kwamba wafu nao wanaogopa.

"Nimekaa hapo karibu na minji," akasema, "naiangalia hiyo kitu ikizunguka. Nilisikia Wesley akisema ndio video ya mazishi na haifanyi kazi. Nimetaka kujua kitu moja tu. Hosea alikuja kunizika, ama hakukuja?"

Nikamwambia. Nilisema yote, na nilisema nikilia.

Alikuja. Alichelewa, kaburi lilikuwa limeshajazwa, lakini alikuja. Mimi nilikuwa nabadilisha betri ya kamera nilipomwona getini, peku, matope hadi magotini, ameshika mfuko wa plastiki. Akaketi kwenye jiwe, akajipangusa miguu kwa nyasi, akatoa viatu kwenye mfuko, vimepakwa rangi vinang'aa, akavivaa. Ndipo akaingia. Nikawasha kamera tena. Watu walimpisha njia bila kumsalimia. Alipiga magoti akachota udongo kwa mikono miwili, akauweka juu ya maua, kisha akabaki pale na mvua ikaanza. Nilimchukua kwa kamera dakika nne.

Wesley alipokuja kutazama kazi hapa mjini, alisema neno moja. "Huyo mtoe." Aliniambia Hosea aliwahi kufika amelewa kwenye mazishi ya baba yao, akamtukana mchungaji mbele ya kaburi, na aibu ile ilikuwa imetosha. Nikamtoa. Mwenye kazi ndiye aliyesema.

"Lakini yeye mwenyewe aliniomba, mama," nikasema. "Siku ile, nikifunga mizigo, alinifuata akaniuliza, boss, umenichukua? Nikamwambia nimekuchukua. Utaniwekea? Nikamwambia nitakuwekea."

Kwa sababu ya ahadi hiyo nilichoma diski moja nikaiacha wazi, nikaitia ile nyota, nikikusudia kumwongezea Hosea dakika zake nne atakapokuja kuichukua. Hakuja. Na kaseti yenye dakika zile nne? Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi Bahati na sikuwa na kaseti mpya. Nikarekodi juu yake. Hiyo diski ya wazi nayo ikachanganyika na zile nyingine nilizompa Wesley. Kwao haikusoma, kwa hiyo wakaifunga kwenye minji, hatua chache kutoka kaburini.

Mvua iliendelea. Kisha mama akauliza kwa sauti ndogo, na hapo nikaelewa kwamba swali la kwanza halikuwa swali lenyewe.

"Alikuwa amelewa?"

"Hapana, mama. Hakuwa amelewa. Nilisimama karibu naye kama nilivyo karibu nawe. Hakunuka kitu. Alikuwa safi."

"Sema tena."

"Hakuwa amelewa."

Alitaka nimweleze tena viatu. Alitaka kujua vilikuwa vya rangi gani, na kama Hosea alikuwa amekonda, na kama kuna mtu aliyempa hata chai. Nilijibu nilichokijua. La chai nilimwambia sijui, kwa sababu niliondoka. Akatikisa kichwa pole pole, akapangusa magoti yake kama mtu anayejitayarisha kusimama.

"Sasa ifunge," akasema. "Na umwambie Hosea chakula chake nilikuwa naweka. Kila siku. Hata ile ya mwisho niliweka, nikafunika."

Nikaigeukia mashine, nikabonyeza pale pa kufunga diski. Ilianza kuhesabu, asilimia moja, asilimia mbili, pole pole kama zilivyo mashine za zamani. Niliitazama hadi mwisho kwa sababu sikuthubutu kutazama kwingine. Ilipofika mia moja niligeuka. Kiti kilikuwa kitupu na mlango haukuwa umefunguliwa, maana ule mlango wangu unakwaruza sakafu na jengo zima husikia.

Nilishuka ngazi bila kuzihesabu.

"Mzee Wafula, yule mama ametoka?"

"Mama gani? Yule wa kitambaa? Bado hajashuka, boss." Akafungua daftari akanionyesha. Mama Hosea, Kuresoi, saa tisa na dakika tano. Mahali pa kutoka palikuwa wazi. "Nilimwambia aandike namba ya kitambulisho akasema hana tena. Nikajua amepoteza."

Tulipanda pamoja. Tulifungua kila mlango usiofungwa, vyoo, hadi paa. Mzee Wafula aliniuliza kama kuna ngazi nyingine, naye ndiye anayejua kwamba hakuna. Jumapili iliyofuata aliomba abadilishiwe zamu.

Mimi nilirudi kwa ile diski. Niliiweka kwenye laptopu, ile ile iliyosema ni tupu. Ikasoma papo hapo. Mazishi yote yalikuwapo, kisha baada ya maombi ya mchungaji kulikuwa na sehemu nyingine ambayo sikuiandika. Picha nyeusi, na sauti. Sauti yangu! Nikieleza geti, jiwe, viatu, udongo. Mashine isiyo na maikrofoni. Pale ambapo yeye alikuwa ananiuliza kuna kimya, na ndani ya kimya unasikia majani makavu yakisuguana kwa upepo, kisha mimi najibu. Hapana, mama. Hakuwa amelewa.

Nilikaa na diski hiyo siku tisa. Siku ya kumi nilikwenda Kuresoi. Wesley sasa ni mzee wa fimbo. Nilimwambia namtafuta Hosea, nikampa sababu ya uongo, naye akanielekeza bila kunitazama usoni. Kabla ya kuondoka nilipita kando ya shamba la minji. Kamba ilikuwa na diski kumi na kitu zinazunguka, na mahali pamoja, pale penye kaburi, palikuwa na kipande cha uzi tu.

Hosea nilimpata Molo, kwenye kinu cha kusagia mahindi, nywele nyeupe kwa unga na kwa miaka. Anaishi nyuma ya kinu, peke yake. Alinikumbuka kabla sijajitambulisha. Aliniambia aliwahi kuazima diski ya dada yake, akaitazama mara nyingi akijitafuta.

"Nikasema hata video imenikataa," akasema. "Sijaenda nyumbani tangu hiyo siku. Niende kufanya nini?"

Nilijisikia mdogo kuliko nilivyowahi kujisikia maishani. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, nikangoja anifukuze. Badala yake alifunga mlango, akavua kofia, akaniambia niiweke diski kwenye laptopu niliyokuja nayo.

Alisikiliza ameinama. Kila kimya kilipofika aliinua mkono nisimamishe. "Hapa alisema nini?" Nikamwambia. Tukasonga. "Na hapa?" Nikamwambia. Tulipofika kwenye lile swali nilisita, lakini nilimwambia pia. Akafunika uso kwa mikono yake yenye unga. Na lile neno la chakula, ambalo kwenye diski ni sauti ya majani tu, kisha diski inaisha, nilimrudishia jinsi nilivyolipokea. Alitoka nje akakaa huko muda. Aliporudi aliniuliza kama ningeweza kuja tena.

Tangu hapo ofisi siifungui Jumapili. Na si hofu peke yake inayonizuia, ingawa hofu ipo, kile kiti cha plastiki nimekitoa. Jumapili ya mwisho wa kila mwezi naenda Molo. Tunakula, Hosea anapika vizuri kuliko mimi, kisha tunaweka diski na mimi nasema maneno ya mama yake kwenye zile nafasi. Sina raha kamili na kazi hiyo. Mara nyingine nikisema, shingo yangu inasisimka, nahisi maneno yanatangulia kabla sijayafikiria. Lakini nilimnyima kitu ambacho siwezi kukirudisha kwa njia nyingine, kwa hiyo naenda.

Mwezi uliopita nilikuwa na kikohozi. Tulifika kwenye kimya kile, nikakohoa, nikashindwa kusema. Nilinyoosha mkono nisimamishe diski. Hosea alinishika mkono. Akaiinamia laptopu, akauliza yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo:

"Alikuwa amelewa?"

Na sauti yangu ikamjibu kutoka mle ndani kwamba hapana, hakuwa amelewa.

Basi wewe unayepiga picha mazishini kwa simu yako, nisikie mimi niliyeyaona. Mtu akichelewa, mchukue. Mwenye kazi akikuambia umtoe, mwambie atafute fundi mwingine. Hujui ni nani amekaa kando ya lile shamba, miaka kumi na mbili, akimtafuta kwenye umati.